Hudi ya oksijeni au prongi za pua? Kwa wodi zetu za watoto huku Tanga chagueni hivi

Nianze na jibu ili mwenye haraka aende zake: kama kituo chenu kinaishi kwa mitungi au kwa konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani) moja ya lita 5 kwa dakika, chukueni prongi za pua, hudi muiache hukohuko kwa muuzaji. Kama mko hospitali kubwa, oksijeni inatoka ukutani, mna blenda ya kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida na mna analaiza ya kusoma asilimia ndani ya boksi, hapo hudi inaweza kupata kazi, na hata hapo sio ya kwanza kushikwa. Yanayofuata ni sababu zake, ni marefu kidogo mnivumilie.

Swali lenyewe linakuja kila bajeti inapoanza kupangwa. Inchaji wa kituo cha afya huko Pangani au Mkinga au Kilindi kule ndani anapata hela kidogo ya kufungua chumba cha watoto wachanga, muuzaji anamletea orodha ya vifaa, hudi imewekwa juu kabisa na picha yake nzuri, prongi ziko chini huko kwenye vitu vidogovidogo pamoja na glovu na plasta, yani hata picha hazina. Mtu akiangalia anaona hii ni mashine na ile ni kampira tu, anaona bora achukue kitakachoonekana siku mgeni rasmi akija kufungua. Simlaumu, hudi inavutia kweli.

Hudi, wengine wodini tunaiita hedi boksi, ni boksi la plastiki ngumu inayoonyesha, linafunika kichwa cha mtoto tu, upande wa shingo limekatwa nusu duara ili shingo ipite, na pembeni kuna tundu la kuchomekea mpira wa oksijeni. Mtoto analala chali ndani ya ile hewa, hana kitu puani, hana plasta shavuni, uso unauona wote na midomo ikianza kugeuka rangi unaiona. Ukiwa na gesi ya kutosha unaweza kumpa oksijeni ya asilimia kubwa kuliko prongi, na ukiwa na analaiza unajua kabisa anavuta asilimia ngapi, jambo ambalo kwenye prongi unakisia tu, manake mtoto anachanganya oksijeni yako na hewa ya chumbani kila anapovuta. Hizo ndo sifa zake na ni za kweli, sizipingi.

Prongi ni vile vijimpira viwili vifupi vinavyokaa mlangoni tu mwa pua, mpira wake unapita mashavuni, unabandikwa plasta, unaenda kwenye flometa, kile kipimo cha lita ngapi za gesi zinatoka kwa dakika. Hazina cha kujivunia kwa macho. Lakini Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa oksijeni kwa watoto wa mwaka 2016 linazitaja ndo njia inayopendekezwa kwa watoto wachanga na wote wa chini ya miaka 5, na hudi imewekwa kundi moja na maski, mahema ya oksijeni na ule mtindo wa kumwaga oksijeni ndani ya inkubeta, kwamba havishauriwi, vinakula gesi na vinaweza kumdhuru mtoto.

Sasa hesabu, manake hapa ndo watu wengi wanashtuka. Mtoto mchanga kwenye prongi anapewa nusu lita mpaka lita 1 kwa dakika, mkubwa kidogo ambaye hajafika mwaka lita 1 mpaka 2, na kwa flo hiyo anavuta oksijeni ya kama asilimia 30 hadi 35, na watoto wengi wanapanda saturesheni, yani kiwango cha oksijeni kwenye damu, kwa hiyo tu. Hudi inataka lita 2 mpaka 3 kwa kila kilo ya mtoto kwa kila dakika. Mtoto wa kilo 3 basi ni lita 6 mpaka 9. Chukua mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwenye prongi kwa lita 1 unakaa masaa 113, karibu siku 5, kwa nusu lita unapita siku 9. Mtungi huohuo kwenye hudi unaisha ndani ya masaa 12 hadi 19. Yani umefunga mtungi mpya asubuhi, usiku wa manane nesi wa zamu yuko peke yake na leba imejaa anatafuta spana, na kama kituo kiko Mkwaja huko mtungi wa pili unasubiri gari litoke mjini.

Na huyo ni wa kilo 3. Mtoto wa miezi 9 mwenye nimonia ana kilo 8, hudi yake ingetaka lita 16 mpaka 24 kwa dakika, flometa nyingi tulizonazo zinaishia 15. Kwa hiyo kwa watoto waliokwishaanza kukaa na kutambaa mjadala umeisha hapohapo, achilia mbali kwamba mtoto wa umri huo hawezi kutulia na boksi kichwani, atalisukuma, atalia, na kulia kunamla oksijeni zaidi.

Konsentreta nayo ifikirieni hivyohivyo. Mashine ya lita 5 ukiiwekea kigawanyi cha flo inahudumia watoto wachanga watano kwa lita 1 kila mmoja, au hata zaidi kama wengine wanatosheka na nusu lita. Ukiielekeza yote kwenye hudi ya mtoto mmoja wa kilo 3 haimtoshi hata huyo mmoja. Afu hudi inavuja shingoni, na kila ukifungua kumfyonza makamasi, kumgeuza au kumlisha ile oksijeni yote inatoka unaanza upya, ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Kuna mahali niliwahi kuona hudi imewekwa flo ya lita 2 kwa sababu gesi ilikuwa inakaribia kuisha na watu wanabana matumizi. Ukiangalia juujuu unaona busara. Lakini hapo ndipo hudi inapogeuka hatari, na nalieleza taratibu kwa sababu ndo kiini cha mambo yote. Ile flo kubwa sio ya kumpa oksijeni peke yake, kazi yake nyingine ni kusukuma nje kaboni dayoksaidi, ile hewa anayoitoa mtoto mwenyewe. Kichwa kiko ndani ya boksi, kila pumzi anayotoa inabaki humo, kama hakuna upepo wa kuitoa anaivuta tena. Sasa angalia oksimita, kile kipimo cha saturesheni, mguuni: inasoma 95, kila mtu ana amani. Oksimita haioni kaboni dayoksaidi, inaona oksijeni tu, na humo ndani oksijeni ipo. Mtoto anaanza kulegea, anasinzia, hanyonyi, bibi yake anasema afadhali leo kalala, kumbe halali kwa raha. Na prongi hazina shida hiyo, anapumua nje hewa inaenda zake chumbani.

Basi mtu atasema sawa, tuongeze flo. Ongeza, ila ukiongeza oksijeni tupu bila blenda asilimia ndani ya boksi inapanda juu sana, na kama ni njiti umeingia kwenye shida nyingine. Oksijeni ikizidi kwa mtoto njiti inaharibu mishipa ya damu ya retina nyuma ya jicho, na anaweza kuwa kipofu. Hili sio jambo la kufikirika, miaka ya 1940 na 1950 Ulaya na Marekani watoto njiti wengi walipofuka kwa kuwekwa kwenye oksijeni nyingi bila kipimo mpaka ilipogundulika sababu ndo hiyo. Ndo maana kwa njiti wa chini ya wiki 32 tunashikilia saturesheni kati ya 88 na 95, na ikivuka 95 unapunguza, hushangilii. Kwa hiyo na hudi isiyo na blenda umebanwa kotekote: ukipunguza flo anavuta hewa yake chafu, ukiongeza unamchoma macho. Blenda ndo inakutoa hapo, inakuwezesha kutoa upepo mwingi wenye oksijeni kidogo. Bila blenda na analaiza, hudi ni boksi tu.

Analaiza yenyewe kipimo chake kikae karibu na pua ya mtoto, sio juu kwenye kifuniko, hewa ndani ya boksi haiko sawa juu na chini.

Jambo lingine ambalo kwangu mimi lina uzito karibu sawa na gesi ni mama. Mtoto wa prongi unambeba nao, mama anamweka kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu inaendelea, ananyonya akiweza, na kama hawezi unapitisha mpira wa kulishia na mama bado amemshika. Mtoto wa hudi amekaa kitandani, mama anamchungulia, kumnyonyesha ni mpaka umtoe humo na ukimtoa oksijeni imekatika. Na gesi inayotoka kwenye mtungi ni baridi, ukiipuliza kwa lita 8 kwenye kichwa cha mtoto mchanga bila kuipasha na kuitia unyevu unampoza, kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake, akipoa anatumia oksijeni zaidi kujipasha, kwa hiyo ile uliyompa inaishia hapo. Kwenye prongi za flo ndogo pua yenyewe inatosha kuipasha na kuilainisha.

Ndugu lakini hawalioni hivyo. Siku moja vitanda viwili vinatazamana, kimoja mtoto yuko kwenye hudi, kingine yuko kwenye prongi, bibi wa huyu wa pili kanivuta pembeni.

"Nesi mwanangu, mbona yule kawekewa kioo na mjukuu wangu kafungwa mipira tu? Au kwa vile sie hatuna kadi ya bima?"

"Shikamoo bibi. Sio kadi. Yule pua yake imechubuka hatuwezi kuingiza kitu, huyu wako pua nzima. Tena wewe una nafuu, mwambie mama yake akae nimpe ambebe."

Akabebwa, na saturesheni ya 93 ikabaki 93, bibi anaiangalia ile namba kuliko anavyomwangalia mjukuu. Nalisema hili kwa mainchaji kwa sababu kelele ya ndugu nayo inasukuma watu kununua hudi, wakati dakika mbili za maelezo zinatosha.

Msije mkadhani prongi ni malaika. Zinaziba kwa makamasi, na zikiziba flometa ukutani bado inaonyesha lita 1 vilevile, wewe unadhani anapata. Unachomoa, unatumbukiza ncha kwenye kikombe cha maji safi, ukiona viputo inatoka, ukikosa safisha au badilisha, afu ufute kabla ya kuzirudisha puani. Zinataka kukaguliwa kila baada ya masaa machache, pua isafishwe kwa pamba yenye maji ya chumvi. Zinachomoka, mtoto wa mwaka na nusu anazing'oa kila ukigeuka, hapo plasta ibandikwe karibu na pua na mpira upitishwe nyuma ya sikio uende mgongoni sio mbele kwenye mikono yake. Saizi ndo ugonjwa mkubwa, mnaletewa boksi zima la saizi ya watu wazima, nesi anakata kata na mkasi ncha inabaki kali. Prongi haitakiwi kujaza tundu la pua lote, ikijaza presha inapanda bila wewe kujua. Kwa hiyo mkiagiza andikeni wazi saizi ya njiti, ya mchanga na ya mtoto mkubwa, na msipokee boksi kabla ya kulifungua.

Zikikosekana kabisa prongi za saizi yake, kateta ya pua, mpira mmoja mwembamba unaoingia tundu moja la pua, inafanya kazi na ni rahisi kupatikana, namba 8, unapima kutoka tundu la pua mpaka mwanzo wa nyusi upande wa ndani, unaingiza urefu huo tu, flo zilezile. Inaziba haraka kuliko prongi, ichomolewe isafishwe mara mbili kwa siku. Ile ya kusukuma ndani zaidi mpaka nyuma ya koo mimi siipendi kwa kituo kidogo: inatumia oksijeni kidogo sana ni kweli, lakini inataka unyevu, ikishuka inaingia njia ya chakula na tumbo linajaa upepo, linasukuma mapafu, yani umetibu huku umeziba kule. Maski iacheni kwa dharura, nayo inataka lita 4 kwenda juu kwa sababu ileile ya kaboni dayoksaidi.

CPAP ya viputo, kifaa cha kumpa mtoto hewa yenye presha kupitia puani, sio mshindani wa hudi, ni ngazi nyingine. Mtoto njiti anayekoroma kila akitoa pumzi, mbavu zinaingia ndani, mapafu yake yanajifunga, oksijeni peke yake haitayafungua hata ukimzamisha humo. Anahitaji presha, na kwenye CPAP ya viputo presha inatoka kwenye maji, mpira wa kutolea hewa umezamishwa sentimita 5 au 6 ndiyo presha yenyewe. Kifaa hiki kinataka nesi aliyefundishwa na wa kutosha kwa zamu, kikiachwa peke yake kinachubua pua na kinajaza tumbo. Ila kama kuna hela ya hudi kadhaa pamoja na vikorokoro vyake na mna wafanyakazi, ningeipeleka huko, huyo mtoto ndiye mnayempoteza. Kama hamna, mwekeni prongi na mpigie rufaa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, mapema.

Na njiani ndo hudi inapokosa kabisa la kusema. Mtungi mdogo wa lita 680 kwenye prongi kwa lita 1 unakupa masaa 11, hata ukitoka Songe kule Kilindi unafika Tanga mjini na barabara imekuchelewesha. Kwa hudi ya lita 7 una dakika 97, na boksi linaruka kwenye kila tuta.

Sasa kabla ya vyote hivi, kama bado hamna oksimita yenye probu ya mtoto mchanga, msinunue hudi wala prongi mpya, nunueni hiyo. Klipu ya kidole ya mtu mzima kwa mtoto wa kilo 2 inasoma namba za kubuni. Probu ya kuzungushia mguuni au kiganjani ndo yake, na kama ndugu wameshampaka hina nyeusi kwenye vidole bandika sehemu nyingine. Chini ya 90 unampa oksijeni, akitulia unapunguza, unamjaribu bila oksijeni, unarudia kumpima, hivo ndo gesi inavyookolewa kuliko njia zote.

La pwani kidogo niliseme hapahapa. Mafuta ya mgando karibu na pua yenye oksijeni hapana, na yeyote asipake mafuta kwenye nyuzi za regulator (kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa mdomoni mwa mtungi) hata ikikwama vipi, oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inawaka. Udi na ubani nyumbani, sio wodini, hata kama mtoto ametimiza siku zake. Konsentreta nayo mwisho wa siku inakufa kwa unyevu na chumvi ya huku kwetu, msiiweke dirishani kwa ajili ya upepo wa bahari, msiisukumize ukutani ikakosa hewa, chujio la nje lioshwe kila wiki likauke kabisa ndo lirudi, na umeme ukikatika mtungi uwe tayari umefungwa regulator pembeni, sio uko stoo na funguo kaondoka nazo mtu.

Hudi basi inamfaa nani? Yule niliyemtaja, pua imechubuka au imevimba baada ya CPAP. Mtoto aliyetimiza miezi anayepumua haraka masaa machache baada ya kuzaliwa kwa upasuaji, mnataka kumpa oksijeni ya asilimia inayojulikana kwa muda mfupi huku mnamwangalia. Mtoto anayehitaji asilimia ambayo prongi hazifiki, CPAP hamna, na gari la rufaa bado halijafika. Wote hao wawe kwenye wodi yenye oksijeni ya bomba, na nesi anayeweza kukaa karibu.

Na kama hudi mmeshaletewa na iko stoo, msiitupe. Chukua kalamu ya wino usiofutika andika juu yake: "KILO × 2 MPAKA 3 = LITA KWA DAKIKA. USIPUNGUZE FLO KUBANA GESI." Kama gesi haitoshi flo hiyo, mtoto atolewe humo awekwe prongi, aliye zamu asisubiri kibali cha mtu. Iosheni kwa maji na sabuni kila ikitoka kwa mtoto, ikauke, msitumie spiriti, plastiki ya namna hiyo inapasuka nyufa ndogondogo inakuwa haionyeshi tena.

Muuzaji akija tena, mwambieni atoe bei ya hudi pamoja na blenda, analaiza na kipasha unyevu kwenye karatasi moja, muone kama bado ataiweka juu ya orodha.